Rajabu Alipotulia

Juzi nilikwenda sokoni Korogwe kumnunulia kaka yangu godoro. La zamani limebonyea katikati mpaka ubavu wake unagusa mbao za kitanda. Muuzaji alikuwa akimkatia mteja mwingine kipande cha sponji cha kuwekea kwenye kiti. Kisu kirefu kinakwenda na kurudi, vumbi jeupe linamrukia mikononi. Harufu ile ikanipanda ghafla. Haina jina, inakaribia mpira uliokaa juani, inakaribia dawa. Nikakaa juu ya godoro lililofungwa nailoni. Muuzaji akaniuliza kama nimefunga. Nikamwambia sijafunga, nimechoka tu. Hilo lilikuwa kweli, ingawa halikuwa lote.

Sisi tuliokulia kwenye nyumba yenye mtoto mgonjwa tunajuana kwa namna tunavyokaa. Hatuegemei. Tunakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Mama alikaa hivyo mpaka alipofariki, na mimi niliyemchukua Rajabu baada yake nakaa hivyo hivyo. Wenzangu wa rika langu huniambia nipumzike. Nawashukuru, kisha nasimama kwenda kumgeuza ubavu.

Rajabu alinitangulia kuzaliwa kwa miaka michache. Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Handeni, kila mtu aliijua habari yake. Alizaliwa mzima, akalia vizuri, na baada ya siku chache macho yakawa ya manjano, ngozi ikafuata. Wazee wakasema awekwe juani, yatakwisha. Alipofikishwa hospitali, manjano yalikuwa yameshapanda kichwani. Akili hayakuichukua. Yalichukua utawala wa mwili. Mikono ilijinyonga yenyewe kama inayokamua nguo, miguu ilirusha mateke, na shingo ndiyo haikujua kutulia kabisa: kichwa kilikwenda nyuma, kikageuka kushoto, kikarudi, kikaenda nyuma tena, tangu anapoamka mpaka usingizi unapomchukua. Alipotaka kitu ndipo mwili ulipozidi kumkatalia. Akifurahi, alijipinda zaidi.

Mimi niliyemkuta hivyo sikuona ajabu. Nilidhani kila nyumba ina mtoto mmoja wa namna hiyo, na kwamba nyumba za jirani zilikuwa zimemficha wa kwao chumbani.

Maneno yake yalitoka yamevutika na kukatika. Wageni walisikia mlio, sisi tulisikia Kiswahili. Aliniita Mwa, kwa kuwa Mwajuma lilikuwa refu mno kwake. Alikuwa na utani mkali. Kaka yake baba, Baba Mkubwa Salehe, aliyekuja kwetu kila wiki kutuambia la kufanya, Rajabu alimwita Mwenyekiti, na kwa kuwa Baba Mkubwa hakuelewa, aliitika kwa kutikisa kichwa huku sisi tukiuma midomo.

Kiungo kimoja tu kilimtii: kidole gumba cha mguu wa kushoto. Baba aliiweka redio ya betri chini, juu ya tofali, usawa wa mguu wake, na Rajabu akajifunza kuiwasha, kuizima na kubadili stesheni. Yeye alitaka mpira. Mimi nilitaka mchezo wa kuigiza wa jioni. Nikishapata stesheni yangu, mguu wake unanyooka, unakosea, unapiga tofali, unarudi, mpaka kidole kinapata kitufe. Kisha anacheka, kichwa kinakwenda nyuma hadi naliona koo lake lote. Nililia mara nyingi kwa sababu ya redio ile. Mama hakunitetea. Alisema mimi nina mwili mzima wa kuchezea, mwenzangu ana kidole.

Mama alitokea Kwashemshi, upande wa milima ya Korogwe, kwenye migomba na ukungu, akaolewa akaja kwenye ukame wetu. Aliamka kabla ya adhana kwenda lamboni kuchota maji kabla ng'ombe hawajalivuruga. Akirudi, ndipo kazi yenyewe inaanza. Kumlisha Rajabu kulikuwa kwake peke yake. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akamweka katikati, akakibana kichwa chake kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto, kifuani, halafu akaufuata mdomo kwa kijiko kama mtu anayelenga ndege anayeruka. Baba alijaribu mara kadhaa, uji ukaingia puani, mtoto akapaliwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Tangu hapo hakuna aliyejaribu. Kwa muda aliotumia mama kumpa bakuli moja, jirani alikuwa ameshapika, amekula na ameosha vyombo. Nguo zake zote zilikuwa na doa la uji upande wa kushoto.

Kiangazi kimoja, lambo likiwa limebaki tope, Rajabu alianza kutulia.

Kwanza ilikuwa mikono. Ililala mapajani kama mikono ya mtu aliyemaliza kula. Kisha mateke yakapungua. Kichwa nacho alikiinamisha upande mmoja, akakishikilia hapo, kama anayesikiliza jambo linalosemwa chumba cha pili. Mama aliweza kumwacha kwenye mkeka akaenda uani na kurudi, akamkuta pale pale. Majirani wakaja kumtazama. Wakakaa, wakasema mashallah, wakasimulia jinsi alivyokuwa. Mmoja alisema Mungu hasahau, anajibu kwa wakati wake.

Baba alikuwa amemsomea Rajabu dua kwa miaka. Alisoma juu ya maji, juu ya mafuta, juu ya kichwa chake chenyewe kilichokuwa kikimkimbia mkononi. Siku aliyoweka kiganja juu ya utosi wa mwanawe na kichwa kisikimbie, aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtetemeka. Haikupita wiki akachinja kuku, wali ukapikwa, mwalimu wa madrasa akaja na watoto wake wote, ikasomwa dua ya shukrani. Rajabu alikaa katikati amevaa kanzu nyeupe, ametulia kama picha. Nilikula wali mpaka nikashindwa kuinama.

Furaha yangu mimi ilikuwa redio. Nilifungulia mchezo wangu, nikakaa tayari kwa vita, na mguu haukuja. Jioni ya pili haukuja. Nikaona amekua, ameamua sasa kuwa kaka mkubwa, ameniachia. Nikamshukuru. Akanitazama tu.

Kitu kimoja kilinisumbua, nacho ni sisimizi. Rajabu alianza kuniambia, akiwa amelala, kwamba sisimizi wanampanda. Wako kisogoni, wanashuka mgongoni, wanaingia mikononi mpaka kwenye vidole. Nikainua mkeka, nikaukung'uta. Sikuona hata mmoja. Nikachota jivu jikoni, nikalimwaga kuuzunguka mkeka wote, kama tulivyozungushia mtungi wa asali, nikamwambia hawatapita tena. Kesho yake akasema wamerudi. Nikaongeza jivu. Nilidhani wanapita chini ya ardhi.

Mama alikuta jivu limekuwa tuta. Akaniuliza, nikamweleza. Nilitegemea anikaripie kwa kuchafua nyumba iliyofagiliwa, lakini alikaa chini karibu na Rajabu, akaushika unyayo wake wa kushoto, akamwambia ausukume mkono wake. Akasubiri. Mimi niliona ni mchezo, nikasubiri pia. Mguu haukwenda popote. Akamwambia awashe redio. Rajabu akaitazama redio, kisha akamtazama mama.

"Siwezi," alisema.

"Tangu lini?"

"Kitambo."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

Alichukua muda kulitoa jibu, maana hata kusema kulikuwa kumemzidia uzito siku zile.

"Mlikuwa mmefurahi."

Mama hakulia. Alikusanya jivu lote kwa mikono, kidogo kidogo, akalibeba kwenye upande wa kanga kulirudisha jikoni, na alipotoka huko alikuwa na uso ambao niliendelea kuuona mpaka mwisho wa maisha yake.

Alimwambia baba jioni ile. Nilikuwepo, nikitenganisha punje za mahindi na wadudu. Akamwambia mtoto hakuponywa, kuna kitu kinamzima. Akamwambia anajikojolea, naye hakuwa mtoto wa kujikojolea kwa shida zake zote. Akamwambia jambo jingine alilokuwa amelificha: akimwinamishia kichwa mbele kumsugua kisogo, mwili wote unashtuka kama umeguswa na umeme, na pumzi inakatika kidogo kabla ya kurudi. Baba alisikiliza akiwa ameshika tasbihi. Alisema, bila kupaza sauti, kwamba si vizuri kuikosoa neema. Nadhani hakuwa na hasira. Alikuwa amepumzika kwa mara ya kwanza tangu azae, na hakutaka kuamshwa.

Baba Mkubwa Salehe aliposikia, alikuwa na jibu tayari. Kwake yeye, mwili wa mtoto ulikuwa umerudi, ila umerudi umepinda, na kitu kilichopinda kinanyooshwa kikiwa bado kibichi. Akaahidi kumleta Mzee Mhina, fundi wa viungo aliyesifika, aliyewarudishia watu wengi mabega na vifundo vilivyoteguka. Baba akakubali. Baba hakuwa na desturi ya kumkatalia kaka yake.

Wakaja asubuhi, mama akiwa anamlisha. Mzee Mhina alikuwa mtu mpole, mwenye viganja vipana. Alitandika kitambaa, akaweka chupa ya mafuta ya nyonyo, akapasha mikono kwenye makaa. Akaeleza atakachofanya: ataikanda shingo mpaka ilainike, kisha ataivuta taratibu na kuigeuza upande wa pili ipate kukaa. Mama alimwamkia shikamoo, akanituma nimletee uji. Lakini hakukiachia kichwa. Kilibaki kwenye kiwiko chake, ingawa uji wa bakuli ulikuwa umeshaisha.

"Shemeji, mpe mzee mtoto," alisema Baba Mkubwa.

"Shikamoo yake nimempa, na uji atakunywa," mama akajibu, macho chini. "Shingo hii haivutwi."

Baba Mkubwa akamuuliza tangu lini amekuwa daktari.

"Sijawa. Mimi ndiye ninayemlisha. Nakijua kichwa hiki kinavyokaa, na sasa hakijakaa. Kinaelea. Nikiachia mkono nakisikia kinaelea."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Alimtazama kaka yake, akamtazama mama, na kwa muda mrefu akamtazama Rajabu, ambaye siku hizo alikuwa akitazama kwa macho tu, bila kugeuka. Kisha akaingia, akavua viatu, akachuchumaa karibu na mke wake.

"Kaka, nisamehe," alisema. "Leo haivutwi."

Mzee Mhina hakukasirika. Alisema yeye hanyang'anyi mtoto mikononi mwa mama yake, akanywa uji wake wote, akafunga chupa, akatutakia heri. Baba Mkubwa aliondoka bila kuaga, na nyumba yetu hakuikanyaga mpaka mwaka ukazunguka.

Siku hiyo hiyo baba akatafuta bajaji, wakaenda hospitali mjini Handeni. Mimi nilikwenda nao kwa kuwa hakukuwa na wa kubaki na mimi. Daktari alikuwa msichana, bado ana chunusi. Alimuuliza mama maswali mengi, akasikiliza habari ya sisimizi bila kucheka. Alipousukuma unyayo wa Rajabu kuelekea juu, mguu ukaanza kudunda wenyewe, ukadunda, ukadunda, hata alipouacha. Nikafurahi. Nikamwambia mama, ona, umerudi. Daktari akasema shingo isiguswe, isikandwe, isiinamishwe, na twende Korogwe ikapigwe picha na kusomwa. Kola ya shingo ya kumtosha mtoto hawakuwa nayo.

Kwa hiyo kola yake ilitokana na godoro langu. Baba alikata upande wa miguuni kwa kisu cha kuchinjia, mama akakishona kipande kile ndani ya kanga kuukuu, wakamzungushia shingoni na kukifunga pembeni. Chumba kizima kilinuka sponji. Tangu siku ile miguu yangu ililala nje ya godoro, nami sikusema kitu, maana nilidhani kile kipande ndicho dawa yenyewe, na kwamba godoro langu lilichaguliwa kwa ubora.

Kwenye basi la Korogwe baba alizungumza na dereva kabla hatujaondoka. Sijui alimwambia nini. Dereva alikuja mwenyewe mpaka kwenye kiti, akamtazama Rajabu, akarudi usukani, na kwenye kila tuta basi lilipanda na kushuka kama linalotambaa. Abiria wa nyuma walilalamika mwanzoni. Mama hakugeuka. Mikono yake ilikishika kichwa pande zote mbili njia nzima, na tuliposhuka haikuweza kukunjuka. Baba alimnyoosha vidole kimoja kimoja.

Daktari wa Korogwe alikuwa mtu mzima, mwenye miwani na sauti ya uchovu. Aliitundika picha ukutani penye taa. Alivua pete yake, akakichomeka kidole ndani yake, akatuonyesha kwamba pingili ya kwanza ya shingo ni kama pete hii, ya pili ina kijiti kama kidole hiki, na katikati yake kuna ukano unaoziweka pamoja. Kichwa cha mtoto huyu, akasema, kimekwenda na kurudi maisha yake yote bila kupumzika. Ukano umelegea, mfupa umesagika, pete inateleza. Nyuma yake ndiko unakopita uti wa mgongo wenyewe, unaochukua habari kutoka kwenye ubongo kwenda mwilini, nao sasa unabanwa.

Mama aliitazama ile pete. "Kwa hiyo ule utulivu," alisema, hakumaliza.

"Hakutulia, mama. Amri zilikuwa hazifiki."

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi. Aliweka mikono usoni, na nikajua, bila kuambiwa, kwamba anawaza ule wali na wale watoto wa madrasa.

Daktari akaongeza kwamba kama mtu angeivuta shingo ile, pumzi ingeweza kukatika hapo hapo. Hakuna aliyelitaja jina la Mzee Mhina. Mpaka leo sijamsikia mtu wa kwetu akimlaumu. Angefanya alichokijua, na alizuiwa, yakaishia hapo.

Tulipewa rufaa ya Dar es Salaam. Wakati wa kusubiri nafasi tulikaa Kwashemshi, kwa mdogo wake mama, Mama Mdogo Zaina, aliyekuwa na nyumba ya mabati mgongoni mwa mlima. Nilikuwa sijawahi kuona asubuhi ambayo moshi wa jikoni hauendi juu, unabaki unazunguka kwenye migomba pamoja na ukungu. Pale nilimsikia Mama Mdogo akimweleza jirani kwamba kichwa cha mtoto kimeachana na shingo. Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Kuanzia hapo nikaokota mawe yote uani, hata vichangarawe, nikavitupa bondeni. Nikatandaza magunia na majani makavu ya migomba pale alipolazwa mchana. Nilitembea karibu naye nikiwa nimetanguliza mikono.

Rajabu aliniona siku kadhaa kabla ya kuniuliza. Nikamwambia ukweli, kwamba kichwa kikianguka kisipasuke.

Alicheka. Kilikuwa kicheko cha ajabu, hakikwenda popote, kilibaki machoni. "Kikianguka, Mwa," alisema, "utakidaka."

Nikaahidi.

Walipoondoka kwenda Dar mimi nilibaki. Baba aliwapeleka, akakaa nao kidogo, akarudi Handeni kuokoa mahindi. Mama akabaki wodini peke yake. Alikuwa akimpigia simu Mama Mdogo, na mimi nilipewa niseme shikamoo, basi. Mengine niliyajua baadaye, nikiwa mkubwa, mimi na mama tukichambua mchicha. Alinisimulia kwamba madaktari walimweleza bila kuficha: operesheni inaweza kumchukua, na hata ikifanikiwa, mwili ukirudia kujinyonga unaweza kuvunja vyuma kabla mifupa haijashikana, hivyo atapewa dawa za kuulegeza, na kichwa kitafungwa kwenye pete ya chuma. Wakimwacha bila operesheni, siku moja atageuka usingizini na hataamka. Wakamwambia afikirie. Baba kwenye simu akasema uamuzi wowote atakaotoa yeye anaukubali, akaanza kulia, laini ikakatika.

Mama alikuwa amechoka kuamua. Alilala sakafuni chini ya kitanda cha Rajabu kwa muda ambao hata yeye aliacha kuuhesabu. Akaona kichwa si chake, shingo si yake. Akamuuliza mwenyewe. Rajabu alikuwa na umri wa kuanza kuota ndevu, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo kubwa kuliko uji wa chumvi au wa sukari. Mama alimwambia yote, hata lile la kufa. Alijibu kwa neno moja, na akalirudia ili wauguzi nao walisikie.

"Mguu."

Aliutaka mguu wake.

Wakaifunga shingo kwa vyuma na skrubu na kipande cha mfupa alichotolewa nyongani. Mama Mdogo alipokea simu akiwa shambani, akakaa chini kwenye matuta ya maharage. Mimi nilisikia habari ya skrubu nikamkumbuka baba akikaza bawaba ya mlango, nikatulia. Mlango wetu haukuwahi kuanguka tena.

Wasiopitia jambo hili hutegemea niseme kwamba baada ya hapo mambo yakawa mazuri. Yakawa yanavyokuwa. Sisimizi waliondoka. Pumzi ikatulia. Kidole cha mguu kilirudi, kwa uvivu, kikichoka haraka. Mikono haikurudi sana, na kuna siku mama aliniambia alitamani hata ile iliyokuwa ikijinyonga. Mateke nayo yalirudi na yapo mpaka leo, ninayo michubuko. Shingo yake haigeuki. Kinachotaka kuonekana na Rajabu lazima kije mbele yake, nasi tulijifunza kuzunguka. Ni mtu mzima sasa, anasikiliza mpira, anawatania wauguzi wa kliniki. Mimi ndiye ninayembeba, na mgongo wangu unaanza kusema nami asubuhi.

Baada ya operesheni baba aliwafuata Dar, wakarudi Kwashemshi kwanza, kabla ya Handeni, ili mgonjwa awe karibu na daktari wa Korogwe. Walifika mchana, mvua za vuli zimeanza. Rajabu alikuwa na ile pete ya chuma kuzunguka kichwa, na fito nne za chuma zikishuka mpaka kwenye kizibao kigumu kifuani. Watoto wa jirani waliomwona walikimbia. Mimi sikukimbia, ila sikujua nimshike wapi. Baba na Mama Mdogo walimbeba ndani, wakamwegemeza kwenye mito karibu na dirisha. Nikamtafuta mama.

Alikuwa amekaa barazani, viatu bado miguuni, mkoba bado begani. Alikuwa amekonda hata shingo yake yeye imekuwa na mishipa. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika shavu. Kisha, akiwa amekaa vile vile, akajilaza ubavu kwenye mkeka, akaweka mkono chini ya kichwa, akalala. Sikuwahi kumwona mama amelala mchana. Sikujua anaweza. Nilikaa namtazama kama kifua kinapanda, na kilipanda, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo kama wa mtoto. Majirani walikuja kutoa pole. Baba akawapokea getini kwa sauti ya chini, akawaambia warudi kesho. Mvua ilinyesha ikaacha. Mama hakujigeuza.

Alasiri Mama Mdogo alipika uji, akaenda kisimani. Rajabu alikuwa na njaa, niliijua sauti yake ya njaa. Nikaenda mbele yake, maana pembeni hanioni, nikamwambia namwamsha mama aje.

"Mwache," alisema.

Nikamwambia uji utapoa, na baba hawezi.

"Mwache alale. Nilishe wewe."

Nikapiga magoti. Kichwa kilikuwa kimesimama pale pale ndani ya vyuma vyake, hakikimbii, kinanisubiri, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba safari hii nikikosea nitakuwa nimekosea mimi. Nilichota kijiko nusu. Nilipuliza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Uji mwingine ukaanguka kwenye kizibao. Nikakifikisha mdomoni, akafunga midomo, tukatazamana. Nikaliona koo lake likijaribu, likasita, likajaribu tena.

Akameza. Kisha akafungua mdomo.